Mkato wa Patasi

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu kutoka karakana, zikiwa na vumbi lake. Natumaini wewe, wifi na binti yetu mko wazima, na kile kikohozi chako kimepoa. Huku miili ni mizima. Roho yangu usiiulize, nimechoka na nimechoshwa.

Kitanda cha binti kimekwisha. Lakini ile simu yako ya kusisitiza kwamba Baba achague mbao mwenyewe ilinitafutia balaa. Yule muuza mbao hana haya hata chembe! Kapaka mbao za mkaratusi rangi nyekundu, kazipanga mlangoni, anaapa ni mninga, ule wa bei kubwa. Baba akapapasa, akanusa, akasema hizo hizo. Akatoa patasi na kuweka mkato wake kwenye kichwa cha kila ubao, ishara kwamba ameupitisha, kama afanyavyo tangu hatujazaliwa.

Huyu ndiye aliyetufundisha, kaka! Kwangua kwanza, maana rangi ya kupaka haiingii ndani. Lowesha kwa mate uone mistari. Nusa maranda. Kisha nyanyua, kwa kuwa mkaratusi unalemea kuliko mninga, na ukikauka vibaya unapinda. Nilimwomba tukwangue. Akanifokea mbele ya wapakiaji, akiuliza nani kamfundisha mwenzake kazi. Nikalipa, tukapakia. Wewe uko mbali, kazi yako kupiga simu tu.

Sasa nikwambie nililoficha. Mwaka mzima macho ya Baba yana ukungu, na pua haimwambii kitu. Kila akikosea, narudi peke yangu kubadilisha mbao, kisha nachonga mkato wake kwenye zile mpya. Hata za kitanda hiki. Nimemdanganya Baba yetu, kaka, na wateja wanaoamini mkono wake.

Majuzi alikuwa akipapasa mbao za kitanda zilizongoja randa. Kidole gumba kikasimama kwenye mkato. Akaniambia taratibu kwamba mkato wake hulalia kulia, huu umelalia kushoto, na nyumba hii ina mtu mmoja tu wa mashoto. Nilitamani ardhi inimeze. Wala hakunifokea. Alisema alijua tangu tulipotengeneza yale makabati ya shule, ila alinyamaza kwa sababu asipokwenda kuchagua mbao, hana pa kwenda asubuhi.

Nililia, kaka, na hasira zangu zote. Yeye akaomba patasi.

Basi kitanda kikifika, geuza ubao wa kichwani. Utakuta mikato miwili: wangu, na wake pembeni, umetetemeka kidogo. Usimwambie kwamba nimekuandikia. Jumatatu tunarudi kwa muuza mbao. Baba ameshapanga kazi: mimi nikwangue, yeye atamtukana yule bwana.

Mbusu binti, na wifi mwambie namkumbuka.

Ni mimi dada yako,
Fundi wa mashoto