Nyumba ya Harusi Isiyofukizwa Udi

Makorora, Tanga
Ijumaa, baada ya sala ya adhuhuri

Kwa dada yangu mpenzi Rukia,

Shikamoo dada, tena leo ni shikamoo ya mtu aliyeshiba! Natumai barua hii inakukuta mzima huko Lindi, wewe na shemeji na huyo mwanao ambaye mpaka leo namjua kwa jina tu. Ameota meno? Anafanana na nani? Na miguu ya Mama, je, bado inamsumbua akiinuka? Usinijibu "hatujambo sote" ukatia nukta kama kawaida yako. Nataka habari ndefu.

Sisi hapa wazima. Dada, nikiandika neno hilo "sisi" natabasamu peke yangu kama mwehu. Mimi na Sefu! Hata jina lake nikiliandika mara moja kalamu inataka kulirudia. Sefu. Haya, nimekoma.

Barua iliyopita aliiandika yeye kwa sababu mkono wangu ulikuwa umevimba kwa sindano, na unajua makarani wa bandarini wanavyoandika: "Mgonjwa anaendelea na dawa." Utadhani anaeleza habari za magunia. Kwa hiyo leo nakusimulia mwenyewe tangu mwanzo, kwa kuwa wewe na Mama hamkuwapo. Tafadhali usirukie mwisho wa barua. Nakujua!

Wewe ulikuwa hujatoka arobaini na Mama anakuangalia, kwa hiyo harusi yote ilibebwa na Shangazi Zubeda hapa nyumbani kwake. Siku ya kusuguliwa singo, Bi Mwanakombo, somo aliyenifunda, alinisugua mwili mzima huku anaimba. Mikono yake ilipofika shingoni, ikasimama.

"Mwanangu, haya matezi unayo tangu lini?"

"Ni mafua tu, somo."

"Mafua hayawi magumu hivi," akasema. Akaendelea kunisugua, lakini wimbo ule hakuumaliza.

Mimi nilisahau. Ningekumbukaje matezi siku ile? Dada, ungemwona Sefu na kanzu yake, anaingia chumbani na hawezi hata kutoa salamu! Alisimama mlangoni akasema, "Saada, nimesahau yote niliyotaka kukuambia." Nikamwambia, "Kaa basi, utayakumbuka." Mpaka leo bado anayakumbuka moja moja, na kila moja ni tamu kuliko la jana.

Fungate ikaanza, na siku ya tatu nikashikwa na homa ya kunitikisa mpaka kitanda kinalia. Sefu akafungua mlango kunipeleka hospitali. Shangazi akajisimamisha katikati ya njia.

"Bibi harusi hatoki nje, fungate haijesha!"

"Basi, shangazi, tutaihamishia hospitali," Sefu akamjibu, akanibeba.

Daktari alikata kipande kidogo cha tezi, kikapelekwa kupimwa. Jibu likarudi kuwa ni saratani ya matezi. Nilidhani hapo ndipo hadithi yangu inapokwisha. Lakini daktari akasema ipo dawa mpya kutoka Ulaya, inaingizwa kwenye mshipa siku nne mfululizo, kisha mtu anapumzishwa majuma kadhaa, kisha anaanza tena. Mara tatu. Wala hakunificha: baada ya mara ya tatu, matezi yakiwa bado yapo, yeye hana dawa nyingine ya kunipa.

Bibi mmoja wa ukoo wa Sefu alikuja kutoka Moa kunitazama. Nikamsikia ukumbini akisema, "Mrudishe kwao akauguzwe na mamaye. Ndoa yenyewe bado mbichi." Nikauma pembe ya kanga nisisikike. Sefu akamjibu kwa heshima zote, "Bibi, kwao ni hapa." Usiku ule ule bibi huyo huyo alinipikia uji wa mchele kwa mikono yake, akaninywesha.

Sasa cheka kidogo. Siku niliyotoka kupigwa sindano ya kwanza, Bi Mwanakombo na wenzake waliona bibi harusi lazima apokewe kibibi harusi. Wakafukiza udi nyumba nzima. Wakamwaga asumini kitandani, wakanivisha kikuba cha maua kifuani, mashuka wakayatia marashi. Lo! Dawa ile haitaki harufu. Waliponiketisha kitandani tu, nikatapika juu ya mashuka yote ya harusi. Mara mmoja wao akanong'ona, "Mara hii?" Mwingine akapiga kigelegele!

"Mimba ya fungate ya siku tatu, nyie?" Shangazi akafoka. "Mtoto ametapika dawa! Toeni hicho chetezo cha udi!"

Tangu siku hiyo hii ikawa nyumba ya harusi pekee Tanga nzima isiyonukia. Shangazi alijiweka mlangoni na kila mwanamke anayekuja kuniona humwita, "Njoo nikunuse." Shoga yangu Asha, mwalimu mwenzangu wa shule ya wasichana, alirudishwa kwao Mabawa kwenda kuoga kwa sababu ya mafuta ya nywele. Alikwenda, akaoga, akarudi akasema, "Nimenukia sabuni ya kufulia, shangazi, nipite sasa?" Akapita. Na ndiye aliyegawana vipindi vyangu na walimu wengine ili nafasi yangu isipotee. Kila alasiri alinijia na visa vya darasani mpaka nikacheka na ndoo yangu mkononi.

Na Sefu, ambaye alikuwa hatoki bila tone la attari, aliacha. Alinijia mtupu wa harufu kama maji. Aliposikia kwamba barafu inatuliza kichefuchefu, akawa anaomba vipande kwa wapishi wa meli bandarini, anavizungushia unga wa mbao na gunia, kisha anakimbia na baskeli kabla havijayeyuka. Mafundi wa cherehani wa barabara yetu walimzoea.

"Bwana harusi, unavuja!"

"Najua!"

"Ukifika utampelekea mkeo gunia tupu!"

Siku moja kweli alifika na kipande kisichozidi ukucha. Akakiweka kinywani mwangu kwa heshima kama anayenivisha pete. Dada, wapo wanawake wanaoletewa dhahabu. Siwaonei wivu.

Mara ya pili nywele zilianza kutoka na kitana. Hilo liliniumiza kuliko sindano. Unazijua nywele zangu, wewe ndiye uliyekuwa ukizisuka. Nilijifunika ukaya kichwani, nikamgeuzia Sefu mgongo siku nzima. Jioni akaketi nyuma yangu akasema, "Saada, mimi nywele zako sikupata hata kuzizoea. Tumeoana juzi. Zikienda, sitajua nimekosa nini." Nilikasirika, nikacheka, nikalia, yote kwa pamoja. Mwisho nikamgeukia.

Mara ya tatu, dada, sitakupamba maneno. Nilichoka. Mishipa ilijificha, nesi anachoma hapa, anachoma pale. Siku ya tatu ya sindano nikauficha mkono chini ya shuka nikasema sitaki, nipelekeni nyumbani nikalale. Sefu alikuwa kazini. Shangazi akaanza kulia, nami sikujali. Nesi Mariamu, Mbondei wa Muheza, msichana wa rika langu, akaweka sindano chini, akakaa kitandani pangu, jambo ambalo wamekatazwa.

"Umechoka?"

"Nimechoka."

"Hata mimi nimechoka kukuchoma. Unadhani napenda? Kanisani kwetu Jumapili wamekuombea. Hawakujui hata sura, nimewaambia tu yuko bibi harusi. Huku kwenu nasikia mmesoma dua. Sasa watu wote hao watuone mimi na wewe tumeishia njiani?"

Nikautoa mkono. Aliupata mshipa mara moja, akaruka kama aliyefunga bao!

Kisha tukangojea siku ya kutazamwa. Siku hizo Sefu alikuwa akiniangalia shingo halafu anaangalia ukuta. Hakuna aliyethubutu kunigusa, wala mimi mwenyewe sikuthubutu.

Jumatano tukaenda hospitali. Sefu alibaki nje ya lango na baskeli yake, Shangazi akaingia nami. Daktari akanigusa shingo, upande huu, upande ule, chini ya taya, kwapani. Akarudia. Akamwita Mariamu naye aguse. Kisha daktari akasema kwa Kiswahili chake, "Sisemi umepona. Nasema leo sioni kitu. Utarudi kila baada ya miezi michache nikutazame." Nikamwambia, "Bwana Daktari, leo inanitosha."

Nilitoka mbio, Shangazi akinifuata anahema. Sefu akaniona, akanijia. Basi nikauchukua mkono wake, nikaupitisha chini ya buibui, nikauweka shingoni. Pale pale, dada, barabarani, mchana, watu wanapita!

Akatafuta. Akatafuta upande wa pili.

"Yako wapi?"

"Sijui. Yaulize wewe."

"We Saada!" Shangazi amefika. "Barabarani! Watu wanatazama!"

"Waache watazame, shangazi. Njoo na wewe uguse."

Akagusa, amekunja uso. Mara ule uso ukafunguka, akaanza kupiga vigelegele yeye mwenyewe, yeye aliyekuwa anaona haya! Muuza kahawa akasimama na birika lake. "Kuna nini hapo, harusi?" Sefu akamjibu kwa sauti ya kusikika mpaka Mabawa, "Harusi!" Baskeli ilikuwa imeanguka, hakuna aliyeiokota.

Sasa nyumba nzima ina ghasia. Bi Mwanakombo amekata shauri kwamba fungate iliyokatika haiungwi, inaanza moja, na leo jioni natiwa ndani upya kama mwali. Shangazi anabisha kwamba siku tatu zilishaliwa, zimebaki nne tu. Wanazozana jikoni huku wanapika, nami nawasikia na kuona raha.

Lakini bado habari moja, nayo nimekuwekea kwa makusudi. Daktari ameniruhusu kusafiri. Sefu ameomba likizo na amepewa. Meli ya mwezi ujao inayoteremka kusini, mkiisikia inapiga honi, njooni ufukweni.

Nisalimie shemeji, mwambie mume wangu ana hamu ya kupimana naye kwenye bao. Nisalimie baba mdogo aliyekuja kuniozesha, na wifi yako mkubwa, na jirani yetu fundi seremala, na mkewe mpika vitumbua. Mbusu mwanao.

Mama usimpe salamu zangu. Nitampa mwenyewe.

Mdogo wako akupendaye,
Saada, mke wa Sefu