Mbao za Kabati la Masika

Troyeville, Johannesburg
24 Juni 2018

Kwako dada yangu mkubwa, Yaya Masika,

Nakusalimu kwa upendo mwingi, wewe, shemeji na watoto. Natumaini barua hii itawakuta wazima, na kwamba kile kikohozi kilichomshika mzee wetu, Papa, wakati wa Pasaka kimekwisha. Mimi sijambo. Baridi ya Juni imetuingia, baridi kavu isiyo na tone la mvua, inayopasua midomo ya watu na mbao vilevile. Naikumbuka baridi ya Butembo, yenye ukungu na moshi wa jikoni kwako, na miaka tisa tangu niondoke naiona kama ishirini.

Utashangaa kwa nini ninaandika wakati simu ipo. Nilijaribu kwenye simu mara tatu. Kila mara nikaishia kukuuliza bei ya maharage, kisha nikakuaga. Sasa Joël, ninayepanga naye chumba kule Berea, anarudi Beni kwa mabasi kupitia Butembo, naye amekubali kuibeba barua hii mwenyewe mpaka mlangoni kwako.

Nilikwambia tu kwamba ninatengeneza makabati, kwenye karakana hii ya Troyeville. Ni makabati ya kale, Yaya, ya mashambani kule Ufaransa. Tajiri wangu, Mzee Gaston, ni Mfaransa aliyehamia huku akiwa kijana. Huyaleta kwa meli, mengine yana miaka mia mbili, miguu imeliwa na wadudu, nasi tunayaponya kabla hayajauzwa. Mwanzoni niliyaona yote ni mamoja. Sasa nayatambua kama unavyomtambua mtu wa Bukavu sokoni akifungua tu mdomo. Kabati la Provence ni la mti wa mjozi, limepindapinda huku chini, limechongwa matawi ya mizeituni. La Bresse lina rangi mbili, mbao nyeusi zikizizunguka mbao za manjano. La Normandie ni la mwaloni, refu na zito, na juu ya milango wamo njiwa wawili wanaogusana midomo, kwa kuwa lilitengenezwa kwa ajili ya bibi arusi. Mzee Gaston anasema kwao baba alikuwa akitenga mbao za kabati tangu binti akiwa mdogo, ili siku ya ndoa ziwe zimekauka mpaka moyoni. Halafu hakuna msumari. Ulimi wa ubao huu unaingia kwenye tundu la ubao ule, na kijiti kinapigwa hapo kuushikilia. Ukivitoa vijiti, kabati zima linalala chini vipande vipande, linapakiwa kwenye mkokoteni, na bibi arusi anakwenda nalo kwa mumewe.

Siku aliponionyesha vile vijiti nilitoka nje nikasimama kwenye robot, ndivyo wanavyoziita taa za barabarani huku, mpaka zikabadilika sijui mara ngapi, bila kuvuka. Papa alikuwa akifanya hivyohivyo. Nadhani aliupata ufundi huo kwa wale mabruda wa misheni. Nilikuwa nimesimama mbali sana na nyumbani, na mikono ya Papa ilikuwa pale ndani, kwenye kitu cha watu asiowajua.

Sasa nikueleze lililotokea mwezi wa tano. Mama mmoja mjane alituletea kabati la Normandie alilorithi kwa bibi yake. Mlango wa kushoto ulikuwa haufungiki tangu yeye akiwa mtoto. Alisema nyumbani kwao walikuwa wakicheka kwamba fundi wake alikuwa mlevi. Nikalifungua lote, nikaukuta ubao mmoja wa katikati ya mlango huo si wa fundi yule. Mtu wa baadaye aliuweka ukiwa mbichi, tena akaugundisha, wakati ubao wa hapo huachwa huru kwenye mfereji wake upate kutanuka na kunywea. Ulipokauka ulijikunja, ukauvuta mlango mzima. Mzee Gaston alipitisha kidole gumba juu yake, kisha akaniambia, "Miaka yote hii wamemsema fundi asiye na kosa. Na aliyefanya hivi alijua."

Niliiweka patasi mezani. Nilimwambia naumwa kichwa, nikarudi chumbani.

Yaya, na mimi nilijua.

Unakumbuka mbao za mvule alizoziweka Papa darini miaka minne kwa ajili ya kabati la arusi yako. Mwaka ule wa 2007 macho yake yalikuwa yameanza kufifia, akaniambia nimteremshie mimi na nimpangie, maana aliniamini. Lakini sita kati ya mbao zile hazikuwako tena. Nilikuwa nimezichukua kwa siri kutengenezea kitanda cha nyumbani kwa kina Clémentine, niliyekuwa nikimchumbia, ili baba yake anione mtu. Mahali pake nikaweka mbao zilizotoka kupasuliwa wiki ileile, nikazipaka majivu zifanane na nyingine. Papa alizipiga randa. Akauliza mbona hii inaonekana nzito. Nikamjibu ni mvua ya usiku.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi, kwa sababu yalikupata ukweni. Miezi mitatu, milango ikajipinda, ubao ukapasuka kwa mlio, mama mkwe wako akawaita majirani waje waone zawadi ya fundi mkuu wa Butembo. Ulilifunga kamba ukaliweka stoo, hukumlaumu mtu. Na Papa akaja kwako, akalitazama, akarudi nyumbani akagawa vyombo vyake vyote vya useremala. Alisema mikono yake imezeeka. Nilikuwa nimesimama karibu naye alipokuwa akigawa, nikamsaidia kubeba sanduku.

Clémentine aliolewa na mwingine. Mimi nikaondoka. Watu walidhani nimeikimbia vita, na karatasi zangu za huku zinasema hivyo. Vita ilikuwako, lakini nilichokikimbia mimi ni kumwona Papa amekaa kutwa bila kitu mkononi. Na kwa karatasi hizohizo, nikirudi kwetu sitaruhusiwa kuingia huku tena. Ningekuja kusema mwenyewe. Naota njia ya kupanda kwenu karibu kila wiki.

Nakuomba umsomee Papa barua hii yote, hata pale pabaya, polepole. Usinitetee. Kisha mpeleke stoo. Mbao zile zimekauka sasa, Yaya, kwa miaka kumi na mmoja. Zimekwisha kujikunja kote zilikotaka, hazitasogea tena. Avitoe vijiti, ailaze milango chini, azinyooshe ndimi, ubao uliopasuka auache huru kwenye mfereji. Kama macho hayaoni, apapase, Mzee Gaston naye hufanya kazi hivyo. Nimempa Joël patasi mbili na randa ndogo nilizonunua Fordsburg. Mwambie mikono yake haikukosea hata siku moja.

Wasalimie watoto, na shemeji mwombe radhi kwa niaba yangu mpaka nitakapoweza kumwomba mwenyewe. Mungu akulinde, na akupe subira ya kunisikia.

Ni mimi mdogo wako,
Marcellin