Boksi Lako Halikuwa na Makosa

Doha

Kaka yangu Lemayian,

Supa. Natumaini mko salama hapo Noonkopir, Kitengela, na mgongo umepoa, maana shemeji aliniambia siku hizi unapiga randa ukiwa umekaa. Mimi niko mzima. Kazi bado ni kufunga spika kwenye kumbi za harusi za watu nisiowajua, na joto la huku halina huruma. Nimeandika kwa mkono kwa sababu kwa simu ungenikatiza, useme, "Wachana na hayo, Saruni." Leo sitaki kuachana nayo.

Unakumbuka lile boksi la spika ulilotengenezea kanisa? Mbao za saipras, kapeti ndani, na wiki tatu umeacha vitanda vya watu vikingoja. Tulipoanza kurekodi gitaa ikatokea ile ngurumo, mmmm, haiishi hata nikiachilia nyuzi. Mbele ya mchungaji na kwaya nzima nikasema, "Shida ni boksi. Huyu ni fundi wa vitanda." Watu wakacheka. Ulichukua tepu yako ya kupimia ukaenda.

Kesho yake tulirekodi bila boksi. Gitaa niliingiza moja kwa moja kwenye laptop, nikatumia programu ya kuiga sauti ya boksi. Ngurumo hakuna. Wakanipigia makofi.

Sasa sikia, kaka. Siku hiyo laptop ilikuwa na chaji, sikuichomeka. Wiki hiyo hiyo, nikiwa peke yangu kanisani, nilirudisha boksi nikachomeka chaja, ngurumo ikarudi. Nikachomoa, ikaisha. Nilirudia mara tano. Ilikuwa chaja yangu, ile ya pini iliyovunjika niliyofunga na selotepu. Nilijua, nikanyamaza, kwa sababu walikuwa wameshaanza kuniita injinia. Yale makanisa mawili ya Kajiado yaliyotaka maboksi kwako yakabadilisha nia, na bado nilinyamaza. Naona aibu hata kuandika.

Yeyo, mama yetu, aliniambia boksi liko kwake nyumbani, kuku wanataga ndani. Nilicheka naye, halafu chakula kikanishinda.

Hizi programu nimejaribu karibu zote, kila moja inaiga boksi la ng'ambo. Hakuna yenye kifua kama lako. Juzi nilichukua rekodi yetu ya kwanza, nikapunguza ngurumo pole pole, nikamsikizisha msimamizi wangu, mzee anayejua hii kazi. Akauliza, "Hii spika ni ya kampuni gani?" Nikamwambia ni ya ndugu yangu, fundi wa Kitengela. Nilitoka nje nikalia.

Nimemwandikia mchungaji maneno haya haya, ayasome Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya matangazo, wale waliocheka wakiwa wamekaa. Amekubali. Miaka siwezi kukurudishia. Wewe nenda tu kanisani siku hiyo, na usikae nyuma.

Msalimie shemeji, na yule binti yenu aliyenishikia nyaya kanisani. Msalimie Yeyo pia, umwambie asiwatoe kuku. Hilo boksi nitakuja kuliomba mwenyewe, kwako, mbele ya watu.

Ni mimi mdogo wako, mwenye chaja mbovu,
Saruni