Hatua Tatu za Mpakani

Jumapili jioni, Kimamba

Mikono bado inaniwasha kwa utomvu wa mkonge, na leo ni Jumapili!

Mwaka juzi niliisogeza mikonge ya mpakani ndani ya shamba la jirani yangu, Mzee Saidi. Baadaye nilitubu kanisani, nikamwomba radhi, akanisamehe. Nikairudisha, tena nikaipitiliza hatua tatu ndani ya shamba langu mwenyewe. Nilitaka aone kwamba nimebadilika.

Leo nilipotoka ibadani nilimkuta amesimama pale na jembe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mpaka haupo hapa."

Nikaanza kuapa kwamba sijagusa chake.

"Najua. Umenipa chako. Mimi nilikusamehe, sikukuuzia msamaha."

Niliudhika, sijui kwa nini. Tukaing'oa mikonge yote, tukaipanda palepale alipoipanda marehemu baba yangu.

Sasa nawaza habari ya kanisa. Tangu siku ile ya toba nalifagia peke yangu kila Jumamosi, sitaki hata kusaidiwa. Nilidhani ni shukrani, kumbe...

Jumamosi nitafagia tena. Ila safari hii, kwa sababu pana vumbi.