Nyonga Iliyofichwa Stoo

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa kwa ombi la shahidi, kazini huitwa Dada Mkubwa. Umri: miaka 52. Kazi: mhudumu, nyumba ya kutunzia wazee. Makazi: chumba cha wafanyakazi, nyuma ya jengo hilohilo.

Naeleza kwa hiari yangu, na Mungu ananisikia.

Nilikuwa namhudumia bibi mmoja tunayemwita Mwalimu, kwa sababu alifundisha hadi alipostaafu. Miguu yake haina nguvu. Kumgeuza kitandani ni kazi ya watu wawili, mmoja bega, mwingine nyonga. Mwaka jana meneja alimwachisha kazi mwenzangu. Tangu hapo nilisaidiwa na mpishi, akipata nafasi, anakuja na unga mikononi. Asipopata, Mwalimu alilalia upande uleule. Nyonga ikatoka kidonda, kikachimba.

Nilimwomba meneja tumpeleke hospitali. Akasema, "Tukimpeleka, watu wa bima watauliza kidonda kimetoka wapi. Wakitukatia bima, nyumba inafungwa, na wewe utalala wapi?" Nikarudi kukiosha kwa maji ya chumvi.

Mnamo tarehe 14 mwezi huu, saa tatu asubuhi, meneja alituambia mkaguzi wa bima yuko njiani. Yeye na mlinzi wakasukuma kitanda cha Mwalimu hadi stoo ya mashuka. Nilitembea pembeni nimemshika mkono. Ulikuwa wa moto. Meneja akafunga komeo kwa nje, akanivuta kwa mkono wa gauni. Kisha akaingiza kitanda kingine chumbani mwa Mwalimu, akamlaza bibi mwingine, mzima wa mwili, tunayemwita Redio.

Akamwambia, "Bibi, ukiulizwa, wewe ndiye Mwalimu. Usiseme sana."

Redio akajibu, "Hilo la kutosema sana ndilo gumu, mwanangu."

Mkaguzi alikuwa binti mpole. Akamfunua shuka, akaangalia nyonga, akasema, "Safi kabisa. Wanakutunza vizuri, Mwalimu?"

Redio akasema, "Hii nyonga ni yangu, hata ngoma nacheza nayo. Unayoitafuta wewe iko stoo ya mashuka, na inanuka."

Meneja akacheka peke yake. "Msamehe, akili zimeshachoka."

Mkaguzi akanigeukia. "Dada, bibi huyu amechanganyikiwa?"

Meneja alikuwa ananitazama. Nilijua nikifungua mdomo, jioni hiyo natoa vitu vyangu chumbani. Nikasema, "Hapana. Leo ndiyo amesema machache kuliko siku zote." Nikatangulia, nikafungua komeo.

Ndani hakuna dirisha. Mwalimu alikuwa anatetemeka kwa homa, shuka limelowa. Aliponiona alisema, "Wameshaondoka? Nilijikaza nisikohoe."

Afande, samahani. Naendelea.

Mkaguzi mwenyewe ndiye aliyepiga simu, gari la wagonjwa likaja, na njiani Mwalimu akapoteza fahamu. Hospitalini daktari alisema kidonda kimefika mfupani na sumu imeingia kwenye damu. Tukiwa pale kwenye korido, meneja alinisogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Sema alikuja nacho kutoka kwao. Hapo bima haituhusu, mwanawe atalipia matibabu, na wewe kazi unabaki nayo."

Siku Mwalimu alipoletwa kwetu nilimwogesha mimi, kuanzia kisogo mpaka kisigino. Ngozi yake ilikuwa nzima. Kidonda kile kilizaliwa mikononi mwetu.

Hayo ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu na kuyashika kwa mikono yangu. Nimesomewa, nimekubali.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

MAELEZO YA AFISA: Kabla ya kusaini, shahidi alijulishwa kuwa meneja ameshaandikisha kwamba mgonjwa alifika na kidonda, na kwamba mlinzi amemuunga mkono. Aliulizwa kama anataka kubadilisha lolote. Akauliza kama kuna mtu aliyekaa na mgonjwa. Alipojibiwa hapana, alisaini akiwa amesimama, akaondoka kwenda hospitali. Hadi naandika haya, mgonjwa hajazinduka.