Bega la Kulia

Mjukuu wangu Chantal,

Huku Bugendana hatujambo. Maharage yametoa maua na mjomba wako anapaka nyumba chokaa. Huko Muyinga umeamkaje?

Umeniuliza kama nami niliumwa bega la kulia siku za hedhi. Niliumwa, enzi zile tuko Tanzania. Mama alisema ni jembe, akanifundisha kulima kwa mkono wa kushoto. Asubuhi za ukungu nililitazama jembe likipanda na kushuka kama la mtu mwingine. Mwezi ukifika, bega linauma vilevile. Hakuna aliyeniuliza linauma siku zipi.

Wewe daktari alikuuliza. Akapitisha kamera tumboni, akakuta nyama kama ile ya ndani ya mfuko wa uzazi imeota kwenye msuli wa kupumulia, chini ya mapafu. Kumbe maumivu yanazaliwa kule, bega linayapokea tu.

Unasema unaogopa kisu. Hata mimi nakiogopa. Lakini waache waitoe hiyo nyama, mama. Ukipona, njoo tupande mahindi. Nitakaa pembeni ya shamba nikutazame ukilima kwa mkono unaoutaka mwenyewe.

Bibi yako, anayelima kwa kushoto mpaka leo