Kaka, Usilete Baruti

Lewisham, London
9 Mei 1993

Kaka yangu mpendwa Soud,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta huko Wete u mzima, goti limetulia na wifi Suad kifua kimemwachia. Sisi hatujambo, ila miguu yangu tu. Lifti ya jengo letu imeharibika tangu Idi, nasi ghorofa ya nne. Shemeji yako Matar presha yake nzuri, ulimi wake ndio mbaya, kama utakavyosoma.

Mpwao Mardhiya anakusalimu sana. Harusi yake ni ile ile mwezi wa nane, inshallah, na ukumbi tumeshapata. Tiketi yako usiibadilishe.

Sasa kaa kitako. Umeniandikia kwamba utaleta kopo la samli, na chini ya samli utafukia baruti, upige gobori la Baba siku ya harusi, maana ada ya ukoo wetu mjomba ndiye anayemtoa bibi harusi kwa mlio. Kaka, usilete. Nisome mpaka mwisho kabla ya kununa.

Gobori lile la Wete walilichukua mwaka wa mapinduzi, unajua. Hili la hapa marehemu Baba alilinunua mwaka 1971 kwenye soko la vikorokoro, eti ni pacha wa lile, na tangu siku hiyo liko ukutani juu ya televisheni. Sasa tunahamia nyumba ndogo ya chini, kuta zake za kutundika saa tu, ndiyo maana mimi na wewe tukakubaliana liuzwe, kabla hujaleta habari za baruti. Tulipata mnunuzi, Bwana Surjit wa Kingsbury, Singasinga aliyezaliwa Kisumu, mstaafu wa reli, anayekusanya bunduki za kale.

Alikuja, akanywa chai vikombe vitatu, akatufahamisha sheria. Bunduki kongwe ya kushindilia kwa mdomoni haitaki leseni hapa. Unaweza kumuuzia mtu kama unavyouza kabati, mradi muuzaji na mnunuzi wote wanaiweka kama pambo. Lakini ukikusudia kuipiga, hapo hapo imekuwa silaha, na bila leseni ni jela. Nilishangaa. Miaka yote hii nawaona Waingereza hawa hawana dini, kumbe wana sheria inayokwenda kwa nia.

Surjit akatoa karatasi tutie sahihi kwamba gobori ni pambo tu. Matar akakataa. Tangu arudi Hija amekuwa mkweli wa kukera. Alisema limekuwa pambo miaka ishirini na mbili, hilo anakubali, ila tangu ifike barua ya shemeji yake amenuia lipigwe. Surjit aliuondoa mkono wake juu ya bunduki taratibu.

"Mzee, mimi hiyo maneno sikusikia," alisema. "Lakini leo sinunui."

Mardhiya naye akamwambia, "Dad, just sign it." Yaani baba atie tu sahihi yaishe. Mtoto wa London huyo, nia kwake ni sahihi ya kwenye karatasi.

Unadhani yaliishia hapo? Kulipokucha mume wangu alivaa koti, akashuka ngazi zote, akaenda mwenyewe kituo cha polisi kuuliza nia ikishaingia inatolewaje. Nilisoma Yasini nzima. Adhuhuri akarudi na polisi wawili, mmoja mwanamke. Wakachungulia mtutu, wakakuta utando wa buibui na penseli aliyoipoteza Mardhiya akiwa darasa la tatu. Kisha wakamuuliza Matar kama anakusudia kulipiga.

Matar akaomba ruhusa. Akaenda kutawadha, akasali rakaa mbili, na wao wamekaa wanakula visheti vyangu. Aliporudi alisema, "Nilikuwa nimenuia. Sasa nimetengua, na Mungu ni shahidi." Yule mwanamke aliandika yote kwenye daftari lake bila kucheka, nikampenda kwa hilo.

Halafu akanigeukia mimi, akaniuliza swali lile lile. Nikajibu hapana.

Kaka, nilisema uongo. Mwaka sabini nilipoolewa mimi hapa, wewe na mjomba mlinyimwa pasi, na gobori hatuna. Nilipofika mlangoni Baba alinisimamisha, akapiga kofi moja kwa viganja vyake viwili, liwe ndio mlio, kwa nguvu zake zote, watu wakageuka. Mwaka uliofuata ndipo akalinunua hili, na hakusema ni la nini. Nami tangu siku hiyo nautamani mlio wake. Kwa hiyo simwogopi Matar, yeye ametengua. Najiogopa mimi. Nikiiona baruti ndani ya nyumba, Surjit hanunui tena na mimi nitaolewa na jela uzeeni.

Surjit amekubali kulichukua ukishatoa ridhaa yako kwa maandishi, kwa kuwa urithi ni wetu sote. Atalitundika sebuleni kwake, na ameahidi kutukaribisha kulitazama. Nijibu upesi.

Nisalimie wifi Suad na wanangu wote, na majirani wanaoniuliza. Mungu akufikishe salama mikononi mwetu. Samli lete, hiyo tunaitaka.

Na viganja vyako vitunze, kaka. Siku ya harusi utasimama mlangoni kama alivyosimama Baba.

Mimi dada yako nikupendaye daima,
Zuwena